Maisha ya Parishi za Vijijini Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa msomaji wa Kiswahili aliyehamia, au anayefikiria kuhamia, katika kijiji cha Uingereza, iwe ni kwa kazi ya uuguzi, kwa ndoa, au kwa kukimbia kodi za nyumba za mjini. Uingereza inayozungumziwa hapa ni England peke yake, kwa kuwa Uskoti na Welisi zina taratibu zao. Kinachomsumbua zaidi mgeni wa kijijini huko, hata kuliko baridi, ni kutojua nani anashughulikia jambo gani. Huduma zimegawanywa kati ya vyombo vingi, na sehemu kubwa ya huduma hizo haiendeshwi na serikali yoyote bali na wanakijiji wenyewe wanaojitolea.

Parishi ni nini hasa? Ni kanisa au ni serikali?

Ni vyote viwili, na ndipo mkanganyiko unapoanzia. Kwetu neno hili linanukia ubani: Wakatoliki husema parokia, Walutheri husema usharika, na msikiaji huwaza altare na sadaka. Huko nako parishi ilianza kama eneo la kanisa moja na kasisi wake, lakini kwa karne nyingi eneo hilo ndilo lililobebeshwa kazi ambazo leo tungeziita za serikali. Kuanzia mwaka 1538, kwa agizo la Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, kila parishi ilitakiwa kuweka daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Na sheria ya maskini ya mwaka 1601 ikaitwika wajibu wa kuwatunza mafukara wake kwa kodi iliyotozwa wenye mali wa hapo hapo.

Mwaka 1894 Bunge lilitenganisha mambo ya dunia na ya kanisa kwa kuunda mabaraza ya parishi yanayochaguliwa na wakazi, na sheria hiyo iliwaruhusu wanawake, walioolewa wakiwamo, kupiga kura na kugombea, miaka mingi kabla hawajaruhusiwa kupiga kura za Bunge. Tangu wakati huo kuna parishi mbili zinazoweza kuwa na jina moja na mipaka tofauti: ya kanisa, yenye kamati ya waumini, na ya kiraia, yenye baraza. Ukimpelekea kasisi malalamiko ya bembea iliyovunjika, atakusikiliza kwa upole wote, kisha atakuelekeza kwa karani wa baraza.

Je, kila kijiji kina baraza lake?

Hapana. Yapo mabaraza ya namna hii yapatayo 10,000 nchini England, lakini vijiji vidogo sana hutumia mkutano wa wapiga kura wote badala ya baraza, na vingine huunganishwa viwili au vitatu chini ya baraza moja. Kisheria baraza haliwezi kuwa na madiwani chini ya 5.

Baraza lina mamlaka gani, na ni mambo gani yasiyo yake?

Anayetoka Tanzania asilifananishe na serikali ya kijiji, kwa sababu halina mtendaji wa kumwita mtu ofisini, halisuluhishi ugomvi wa mipaka wala haligawi ardhi. Na anayetoka Kenya asitarajie chifu. Ni chombo kidogo chenye ruhusa nyingi na wajibu mchache. Kwa kawaida hutunza uwanja wa watoto kuchezea, mabenchi, vibanda vya kusubiria basi, makaburi ya umma, mnara wa kumbukumbu ya vita, vishamba vya kukodi na, penye taa za barabarani, baadhi ya taa hizo. Nasema penye taa kwa makusudi, kwa kuwa vijiji vingi havina hata moja na wakazi wake hawazitaki, wakisema wanataka kuziona nyota. Nunua tochi kabla ya Oktoba.

Barabara na mashimo yake, maktaba, huduma za jamii na sehemu kubwa ya masuala ya shule ni kazi ya halmashauri ya kaunti. Kuzoa taka, kutoa vibali vya ujenzi na kukusanya kodi ni kazi ya halmashauri ya wilaya. Ziko sehemu ambako kaunti na wilaya zimeunganishwa kuwa halmashauri moja, hivyo angalia majina yaliyo kwenye ankara yako ya kodi. Kuhusu ujenzi, baraza la parishi hupewa nafasi ya kutoa maoni juu ya kila ombi lililo katika eneo lake, lakini uamuzi si wake. Jambo hili huwaudhi watu wengi, kwa sababu mkutano unaweza kujaa hadi mlangoni kupinga nyumba mpya, wote wakakubaliana, na nyumba zikajengwa hata hivyo.

Fedha za baraza zinatoka wapi?

Baraza hupanga kila mwaka kiasi linachohitaji, na wilaya hukikusanya pamoja na kodi ya nyumba inayotozwa kila kaya. Katika ankara utaona mstari wa pekee wenye jina la parishi yako, na mara nyingi ndio mdogo kuliko yote. Madiwani kwa kawaida hawalipwi mshahara. Anayelipwa ni karani, naye mara nyingi hufanya kazi saa chache kwa wiki akiwa nyumbani kwake. Kila mwaka, kwa siku 30 za kazi ambazo lazima zijumuishe siku 10 za kazi za mwanzo wa Julai, hesabu huwa wazi kwa ukaguzi wa wananchi. Ni haki ambayo wachache huitumia.

Mimi ni raia wa nchi ya Afrika Mashariki. Naweza kupiga kura au kugombea?

Hapa wasomaji wetu wengi hushangaa. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, kwa maana hiyo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi na mwenye ruhusa halali ya kukaa nchini, anaweza kujiandikisha na kupiga kura katika chaguzi zote za England, kuanzia parishi hadi Bunge, bila kusubiri uraia wa Uingereza. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo si wanachama wa Jumuiya hiyo, wala Oman, kwa hiyo raia wa nchi hizo hawana haki hiyo kwa pasipoti zao peke yake.

Kugombea kuna sharti zito zaidi. Raia wa Jumuiya ya Madola anapaswa kuwa na ruhusa ya kudumu ya ukaazi, au awe mtu asiyehitaji ruhusa kabisa, na awe na uhusiano na mahali hapo: awe ameandikishwa kupiga kura katika parishi hiyo, au kwa miezi 12 iliyopita awe ameishi humo au umbali usiozidi maili 3, yaani kilomita 4.8 hivi, au awe na kazi yake kuu au ardhi humo. Kwa kweli uchaguzi wenye ushindani ni nadra katika parishi ndogo. Kiti kikiwa wazi, wapiga kura 10 wanaweza kudai uchaguzi. Wasipodai, baraza lenyewe humteua mtu wa kukijaza. Mgeni anayehudhuria mikutano mitatu mfululizo asishangae akiombwa ajiunge. Kumbuka pia kwamba tangu Mei 2023 anayepiga kura kituoni nchini England hutakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha.

Mikutano ya baraza huendaje, na naruhusiwa kuingia?

Unaruhusiwa. Sheria ya mwaka 1960 ndiyo iliyowafungulia wananchi milango hii, nayo ililetwa bungeni na mbunge mpya wa wakati huo, Margaret Thatcher, katika hotuba yake ya kwanza. Tangazo la mkutano lenye ajenda lazima libandikwe siku 3 kamili kabla, na ndiyo sababu kila kijiji kina ubao wa matangazo wenye kioo, mara nyingi karibu na kanisa au kituo cha basi. Usome kila wiki. Baraza lazima likutane angalau mara 4 kwa mwaka, na mengi hukutana kila mwezi, jioni, ukumbini. Kuhudhuria ni haki, lakini kusema si haki ya kisheria: mabaraza mengi hutenga dakika chache mwanzoni kwa wananchi, na baada ya hapo msikilizaji hunyamaza.

Mbali na mikutano hiyo upo mkutano wa mwaka wa parishi, unaofanyika kati ya tarehe 1 Machi na 1 Juni. Huo si wa baraza bali ni wa wapiga kura wote, na humo kila mpiga kura ana sauti.

Mengi ya mikutano hii hupoa kama uji wa jana, lakini si yote. Mwezi Februari 2021 video ya mkutano wa kamati za baraza la Handforth, Cheshire, uliofanyika kwa mtandao Desemba 2020, ilienea nchi nzima kwa sababu ya kelele na watu kutolewa mkutanoni, na Waingereza wengi wakakiri kwamba wamewahi kukaa katika mkutano wa aina hiyo.

Ukumbi wa kijiji ni wa nani?

Swali hili lina jibu lisilotarajiwa: mara nyingi si wa serikali wala wa baraza, bali ni mali ya shirika la hisani linalosimamiwa na wadhamini wasiolipwa, yaani jirani zako. Kumbi za namna hii ni takribani 10,000 nchini England, na nyingi zilijengwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ili kuwakumbuka waliokufa. Humo ndimo mnamofanyika chekechea asubuhi, mazoezi ya viungo ya wazee mchana, mchezo wa kuigiza wakati wa Krismasi, upigaji kura, chanjo na matanga.

Kukodi ni kwa saa, na bei huwa nafuu kwa mkazi kuliko kwa mgeni. Kabla ya kulipa kwa ajili ya sherehe ya kipaimara au ndoa, uliza mambo matatu: muziki unazimwa saa ngapi, pombe inaruhusiwa kuuzwa au kunywewa tu, na jiko lina uwezo gani. Hilo la mwisho lina uzito kwetu. Jiko la ukumbi limeandaliwa kwa chai, keki na supu; sufuria ya pilau ya watu 80 haiwezi kukaa juu yake, na wadhamini wengi hawataki moto wa gesi uwashwe ndani. Kinachofanya kazi ni kupika nyumbani na kuleta chakula kikiwa moto. Mwisho wa shughuli unafagia, unapanga viti, unabeba taka zako. Mfanyakazi wa kufanya hivyo hayupo.

Kuna duka, posta na baa?

Pengine, na kama vipo yamkini vinaendeshwa na wanakijiji. Duka la mwisho linapofungwa, wakazi huchangishana kwa hisa ndogo ndogo, husajili ushirika na kulifungua tena kwa zamu za kujitolea. Shirika la Plunkett, lililoanzishwa mwaka 1919 na Horace Plunkett, kiongozi wa ushirika wa wakulima wa Ireland, ndilo linaloyashauri maduka na baa za aina hii. Baa ya Old Crown iliyopo Hesket Newmarket, Cumbria, imekuwa mali ya ushirika wa wateja wake tangu 2003.

Sheria ya mwaka 2011 iliongeza kinga fulani. Baraza la parishi au kikundi cha watu wasiopungua 21 kinaweza kuomba jengo liorodheshwe kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Mwenye jengo akitaka kuliuza, jamii inaweza kupewa hadi miezi 6 ya kutafuta fedha. Muuzaji hata hivyo halazimiki kuiuzia jamii, na hilo husahauliwa katika furaha ya kuorodhesha.

Kuhusu baa, asiyekunywa pombe asiogope kuingia. Huko watu huenda kula, kucheza chemshabongo na kusikia nani anauza kuni. Agiza kaunta na ulipe hapo hapo, kwa kuwa mhudumu haji mezani kuchukua oda ya kinywaji.

Kibanda chekundu cha simu utakachokiona barabarani, cha muundo wa Giles Gilbert Scott wa mwaka 1935, huenda hakina simu tena. Tangu 2008 kampuni ya simu ya BT imekuwa ikiziuzia jamii vibanda hivyo kwa pauni 1, na sasa vingi ni maktaba za kubadilishana vitabu au vimewekwa mashine ya kushtua moyo uliosimama. Jua mashine ya kijiji chako ilipo kabla hujaihitaji. Ukipiga namba ya dharura, 999, mpokeaji simu atakupa namba ya kufungulia kasha lake.

Naweza kupata mahali pa kulima?

Ndiyo, na hili huenda likawa jambo litakalokuzoesha kijiji haraka kuliko lolote. Sheria ya mwaka 1908 inalitaka baraza litoe vishamba vya kukodi penye uhitaji, na wakazi 6 wakiandika ombi pamoja, baraza lazima lilizingatie. Kipimo cha jadi ni kama mita za mraba 250, na wengi sasa hupewa nusu ya hapo. Kodi ni ya mwaka na ni ndogo, ila foleni inaweza kuwa ndefu, basi jiandikishe wiki ya kwanza unapofika. Mavuno yawe hasa ya kula nyumbani, si ya biashara. Sheria ya mwaka 1950 inaruhusu kufuga kuku na sungura humo, ila jogoo haruhusiwi kwa sheria hiyo.

Sukuma wiki hustawi vizuri na hustahimili baridi kali. Maboga na majani yake hukubali pia, mradi usiyapande nje kabla ya jalidi kuisha mwishoni mwa Mei. Mchicha hutaka kiangazi chenye joto. Mahindi yanayokomaa ni ya mbegu za muda mfupi, matamu, ya kuchemsha; unga wa ugali usiutegemee kutoka hapo. Usiache magugu: mwenye kishamba kisicholimwa huandikiwa barua na karani, na aliye nyuma yako kwenye foleni anakipita kila Jumapili akikitazama.

Kwa nini watu wanapita katikati ya mashamba ya wenyewe?

Kwa sababu ni haki yao. England na Welisi zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia za umma zinazokatiza ardhi ya watu binafsi, zilizochorwa katika ramani rasmi kufuatia sheria ya mwaka 1949. Kwenye alama za njiani, mshale wa njano ni njia ya waendao kwa miguu. Wa buluu ni ya miguu, farasi na baiskeli. Mkulima akiilima njia inayokata shamba, kwa kawaida ana siku 14 za kuirudisha katika hali ya kupitika. Wewe kwa upande wako fuata mstari wa njia, liache geti ulivyolikuta, na mfunge mbwa kamba penye kondoo. Aliyekulia mahali ambapo kukatiza shamba la mtu ni kutafuta ugomvi huchukua muda kuamini kwamba anaruhusiwa, na wapo wenye ngozi kama yetu wanaotazamwa kwa maswali wanapopita. Mshale upo kwa ajili yako pia.

Daktari, dawa na shule vipo mbali kiasi gani?

Kituo cha daktari huwa katika kijiji kikubwa cha jirani. Kujiandikisha hakuhitaji uthibitisho wa anwani wala wa hadhi ya uhamiaji, hata kama mpokea wageni atauomba. Palipo mbali na famasi zaidi ya maili 1, yaani kilomita 1.6, mgonjwa wa kijijini anaweza kupewa dawa na kituo chenyewe.

Shule za msingi za vijijini ni ndogo, pengine chumba kimoja kikichanganya watoto wa madarasa mawili au matatu tofauti, na nyingi ni za Kanisa la Anglikana ingawa ni za serikali na hazina ada. Ikiwa shule inayofaa iliyo karibu zaidi iko mbali kuliko maili 2 kwa mtoto wa chini ya miaka 8, au maili 3 kwa mwenye miaka 8 hadi 16, kaunti hutoa usafiri bure.

Naweza kuishi bila gari?

Kwa shida. Basi linaweza kupita mara mbili kwa siku, au siku za soko tu, na Jumapili lisipite kabisa. Wazee waliofikia umri wa pensheni ya serikali hupanda bure nje ya saa za mapema asubuhi za siku za kazi. Penye madereva wa kujitolea wanaowapeleka watu hospitalini, namba yao iko kwenye ule ubao wenye kioo. Anayefanya kazi za zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee asikubali mkataba kabla hajaiona ratiba ya basi.

Joto, majitaka na intaneti?

Vijiji vingi havikufikiwa na bomba la gesi. Nyumba hupashwa joto kwa mafuta yanayowekwa katika tangi uani, nayo ni mafuta ya taa, ndugu wa yale ya koroboi, ila hapa huagizwa kwa uchache lita 500 kwa mkupuo. Majirani huungana kuagiza pamoja ili washushiwe bei. Uliza nani anaratibu. Majitaka nayo yanaweza kuishia katika tangi lililofukiwa, ambalo mwenye nyumba anawajibika kuhakikisha linanyonywa, na kwa kanuni zilizoanza kubana mwaka 2020 haliruhusiwi kumwaga moja kwa moja mtoni.

Intaneti ni hadithi ya pekee. Katika bonde la mto Lune, Lancashire, wakazi waliochoka kusubiri makampuni walianzisha mwaka 2011 mtandao wao uitwao B4RN. Wakulima wakatoa njia katika mashamba yao bila malipo, watu wakachimba mitaro kwa mikono na matrekta, na nyumba zilizokuwa zikikwama kufungua picha moja zikapata kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde. Penginepo bado ni polepole. Pima kabla ya kupanga nyumba.

Ni sherehe gani nisizokose?

Mwezi Mei na Juni kuna gulio la kijiji lenye keki, bahati nasibu na mashindano ya mbwa. Agosti au Septemba huwa na maonyesho ya mazao, ambako maharage hupimwa kwa rula na ushindani ni mkali kuliko unavyodhani. Sikukuu ya mavuno kanisani, kwa namna inavyofanywa leo, huhusishwa na kasisi Robert Hawker wa Morwenstow, Cornwall, mwaka 1843. Novemba 5 ni moto na fataki za kukumbuka njama ya mwaka 1605 ya kulipua Bunge.

Jumapili ya pili ya Novemba watu husimama kimya dakika 2 mbele ya mnara wa vita. Yasome majina. Batalioni ya pili ya kikosi cha Loyal North Lancashire ilipigana Tanga mwezi Novemba 1914, kwa hiyo mtu wa Pwani asishangae akikuta Afrika Mashariki imechongwa kwenye jiwe la kijiji chenye mvua cha Lancashire.

Kinamama wana chama chao, Women's Institute, kilichoanzia Kanada mwaka 1897 na kufika Welisi mwaka 1915, na hukaribisha wanachama wapya bila kuuliza wametoka wapi.

Mimi ni Mwislamu, au si mtu wa dini. Kanisa la parishi linanihusu?

Zaidi ya unavyodhani. Kengele zitakuamsha, nalo ndilo jengo kongwe kuliko yote, na mara nyingi hushika akiba ya chakula kwa wenye shida. Zaidi ya hayo, kila mkazi wa parishi, wa dini yoyote, ana haki ya kuzikwa katika uwanja wa kanisa hilo ikiwa bado unapokea maziko. Viwanja vingi vimejaa na kufungwa, na hapo hubaki makaburi ya baraza, ambayo mara nyingi humtoza asiye mkazi mara mbili au zaidi. Familia ya Kiislamu ihakikishe mapema kwa maandishi kama kaburi litaelekezwa kibla, kwa kuwa safu za uwanja wa zamani hutazama mashariki; pengine italazimu kwenda kwenye makaburi ya mji wenye eneo la Waislamu. Karani wa baraza ndiye anayejua nafasi zilizobaki na bei zake.